Pikipiki Haiwaki kwa Hasira

Hivi kwa nini pikipiki ikigoma barabarani kila mpita njia anageuka fundi? Na wote ushauri wao ni mmoja: "Kanyaga kwa nguvu, bwana!" Anayepaza sauti kuliko wenzake ni kijana wa bodaboda, kavaa kandambili, ya kwake ya cc 100 kaigusa kwa kidole gumba cha mguu ikawaka. Hongera zake. Hebu mleteni hapa kwenye Royal Enfield Bullet ya kizamani ya cc 500, ule ukoo wa Redditch, Uingereza, ambao Wahindi walianza kuuunga Madras mwaka 1955.

Silinda ni moja tu. Pistoni ina kipenyo cha milimita 84 na inapanda milimita 90, yaani nusu lita nzima ya hewa inagandamizwa kwenye chungu kimoja, hakuna silinda ya pili ya kupokezana nayo. Mwajiriwa wa kazi hiyo ni mguu wako wa kulia, hauna mshahara wala bima.

Sasa hiyo nguvu mnayoipigia kelele: ukiirukia kiki, ile pedali ya kuwashia, wakati pistoni ndiyo inaingia kwenye kompresheni, yaani inaanza kugandamiza hewa, mguu unagota. Hata ukiipita, kiki imeshafika chini, flaiwili, lile gurudumu zito la ndani ya injini, haina kasi, cheche inakuja injini imeshakata tamaa. Pistoni inatakiwa ianzie pale ilipopita kidogo tu kilele cha kompresheni. Hapo flaiwili inapata karibu mizunguko miwili ya kuchukua kasi kabla kompresheni nyingine haijafika.

Na utajuaje pistoni iko wapi, nayo imefungiwa ndani ya chuma? Ile ameta, saa ya kupima umeme, iliyo juu ya taa ya mbele haikuwekwa kwa urembo, jamani. Fungua swichi. Platini, vile vipande viwili vya chuma vinavyounga na kukata umeme wa cheche, zikiwa zimefungana, koili inayozalisha cheche inakula umeme na mshale unalala kushoto. Vuta kile kiwiko kidogo cha dikompresa upande wa kushoto wa usukani, kinachotoa pumzi ya silinda, kisha shusha kiki polepole, polepole kabisa. Mshale ukirudi katikati, platini zimefunguka, na kwa Bullet zinafunguka mara moja tu kwa kila mizunguko miwili ya injini, kwa hiyo hapo ndipo karibu na kilele cha kompresheni. Sogeza kidogo mno, achia dikompresa, acha kiki ipande yenyewe mpaka juu. Ndipo sasa uteremke nayo, pigo moja refu mpaka chini, goti limelegea kidogo, na injini ikiwa baridi usiguse resi. Ukiishia njiani kwa woga, umejitakia.

Kabla ya hapo kuna adabu zake. Ipandishe kwenye stendi ya kati, weka nyutro. Asubuhi sahani za klachi huwa zimegandana kwa oili, basi shika klachi, swichi ikiwa imefungwa, usukume kiki. Ikiwa nyepesi ghafla ujue zimeachana. Fungua koki ya petroli. Injini ya baridi inataka choki na kiki mbili tatu za bure ili kabureta ivute mafuta. Ya moto haitaki choki hata kidogo, inataka resi kiasi cha unywele. Lakini mwenye haraka anavuta choki jua la saa nane, injini imetoka kukimbia, halafu anashangaa petroli inanuka mtaa mzima.

Ikishalewa petroli hivyo, usiendelee kuipiga. Funga swichi na koki, rudisha choki, vuta dikompresa, fungua resi yote, piga kiki tano sita iteme. Bado? Ng'oa plagi uisome. Imelowa: mafuta yamezidi au cheche hakuna. Imekauka: petroli haifiki. Nyeusi ya masizi: mchanganyiko mzito. Mshale wa ameta usipocheza kabisa unapozungusha injini, acha kabureta ya watu. Angalia betri, fyuzi, halafu platini. Mara nyingi zimeingia oili. Kipande cha kadi safi kilichochovywa petroli, kipitishe katikati yake, kisha pima mwanya kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi: milimita 0.35 hadi 0.40. Zikitoa cheche za buluu kubwa zenyewe kwa zenyewe, kondensa, inayozuia platini zisichomane, ndiyo mgonjwa.

Na kiki ikikurudi? Hapo ndipo washauri wote wanahama upande wa pili wa barabara. Cheche imewahi, pistoni haijafika juu, inasukumwa kinyumenyume, na chuma kinakutafuta muundi wa mguu. Kandambili haisaidii kitu. Vaa kiatu chenye soli ngumu. Ikirudia, usiilaumu bahati yako. Kagua vile vizito vya kuwahisha cheche chini ya sahani ya platini: spring zikilegea au vizito vikikwama vimefunguka, cheche inawahi hata kwa mwendo wa kiki. Vikiwa vimefunga, platini zianze kufunguka pistoni ikiwa takriban milimita 0.8 kabla ya kilele.

Basi umefuata yote, imewaka kwa pigo moja, dugu dugu dugu, watu wanapiga makofi, kijana wa bodaboda anadai ni ushauri wake. Unaondoka kwa maringo. Unafika kona ya kwanza, inakohoa, inazima. Hakuna kilichoharibika: ile koki uliyoifunga wakati wa kuitemesha hukuifungua, ulikuwa unakula petroli iliyobaki kwenye bakuli la kabureta. Na yule kijana ndiye huyo anakuja nyuma yako.