Mvua, bati na sabufa

Nimesoma makala ambayo mwandishi wake anatuasa tupunguze sauti za redio majumbani ili tusiharibu masikio. Ameandika vizuri, ila hakusema tupunguze mpaka wapi. Mimi naishi Uyole, na nimepima. Kuna programu za bure za simu zinazosoma desibeli, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti. Hazifikii mita halisi ya kupimia sauti kwa usahihi, lakini zinatoa mwanga. Simu niliiweka kwenye kochi tunapokaa, si mbele ya spika, maana muhimu ni sauti inayolifikia sikio.

Jioni ya kawaida sabufa yetu ilisoma 70. Mvua ikaanza. Nyumba yetu haina dari, na wa huku Mbeya mnajua mvua ya Machi ikipiga bati: hata kuongea ni kupayuka. Mwanangu akapandisha sauti asikie taarifa ya habari. Mvua ikakatika, hakuna aliyeishusha. Nikapima: 88!

Kwa kanuni ya NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, iliyowekwa kwa ajili ya wafanyakazi, 85 ni mwisho saa 8 kwa siku, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda unakatwa nusu. Kwa hiyo 88 ni saa 4 tu. Na hiyo ni ya watu wazima. Kwa watoto Shirika la Afya Duniani linataja 75 kwa saa 40 za wiki nzima. Wangu likizo wanashinda hapo sebuleni kutwa, na chembe za kusikia ndani ya sikio zikifa hazioti tena.

Nimechora alama ya wino kwenye sabufa, pale pa 70. Mvua ikikatika, tunarudi hapo.