Joomla ni jumla, na dogo hakukosea

Juzi jioni mdogo wangu, anasoma kompyuta chuo kimoja hapa Tanga, karudi nyumbani kanuna. Namuuliza vipi, ananiambia kachekwa darasani mpaka akanyamaza kipindi kizima. Kisa kasoma Linux, ule mfumo endeshi wa kompyuta, kasema "linuksi". Mwalimu akamkatisha ati inaitwa "lainaksi", darasa zima likaangua kicheko.

Iliniuma sana, maana dogo ndo alikuwa karibu na ukweli. Linus Torvalds aliyeianza mwaka 1991 ni mtu wa Ufini, kwao wanaongea Kiswidi, na alishajirekodi zamani akilitamka mwenyewe, ukisikiliza ile sauti ni linuks, i yetu na u yetu kabisa, hiyo "lai" sijui wameitoa wapi.

Ubuntu nayo, mfumo uliojengwa juu ya hiyohiyo Linux, iliyotoka 2004, jina limetoka kwenye lugha ndugu zetu za kusini, Kizulu na Kixhosa, ni utu huuhuu wa kwetu. Halafu unamkuta mtu kazaliwa Chumbageni anasema "yubantu" ili aonekane kasoma. Jamani!

Ila Joomla ndo inanikera kuliko zote. Hii ya kutengenezea tovuti, 2005 waliokuwa wanatengeneza programu iitwayo Mambo walipojitenga wakachukua neno la Kiswahili, jumla, yaani wote kwa pamoja, wakaliandika kwa oo ili anayesoma Kiingereza asipotee. Sasa tumepotea sisi wenye neno, huyu anasoma "jo-omla", yule anabana pua utadhani ni jina la kigeni, wakati toka utotoni tunatumwa dukani Ngamiani na tunajua bei ya jumla na ya rejareja.

Sisemi kila jina tulisome kwa herufi zetu, hapana. Nginx, programu ya seva za tovuti, ukiisoma hivyo hutoki, wenyewe wanaita "enjin eksi", basi na sisi tuite hivyo. GNU, ule mradi wa programu huria, wenyewe wanataka ile g isikike, basi isikike. Kwangu mimi mwenye jina akishasema yamekwisha, iwe kafanana na Mwingereza au kafanana na mtu wa Pangani.

Nimemwekea dogo ile rekodi kwenye simu, sekunde chache tu. Na wewe mwalimu kama unasoma hapa, shikamoo, kesho akinyoosha mkono naomba umruhusu aichezeshe kwenye spika, walewale waliocheka wakiwepo.