Mgeni wa Saa Moja Downton

Barua yenyewe ni fupi mno. Aliyeiandika ameshafungasha na kuondoka, na chini ya maneno machache ya kuomba radhi ametia sahihi: P. Gordon. Hiyo P inaweza kuwa Patrick, binamu ambaye Lady Edith, binti wa Lord Grantham, alimpenda tangu usichana na ambaye kila mtu anaamini alizama na Titanic. Inaweza pia kuwa Peter, mtu baki aliyewahi kufanya kazi ofisi moja na Patrick kisha akahamia Kanada. Herufi moja imebeba majibu yote mawili. Kwangu mimi hapo ndipo penye uzuri kuliko pengine pote katika sehemu ya sita ya msimu wa pili wa tamthilia ya televisheni ya Downton Abbey, iliyorushwa na ITV nchini Uingereza Oktoba 2011. Na ni herufi hiyohiyo inayonifanya niwatetee watazamaji ambao hadi leo wanaihesabu sehemu hiyo kuwa miongoni mwa zilizopwaya kuliko zote.

Kwa aliyeisahau: ni mwaka 1918, na jumba la Grantham limegeuzwa mahali pa kuuguzia maofisa waliojeruhiwa vitani. Analetwa ofisa kutoka Kanada, uso umeungua hata hautambuliki. Anamwambia Edith kwamba yeye ndiye Patrick Crawley. Aliokolewa majini mwaka 1912, akapoteza kumbukumbu, akaishia Montreal; jina la Gordon aliliokota kwenye chupa ya jini, na ni mlipuko wa vitani uliomrudishia kumbukumbu zake. Ikiwa ni kweli, mrithi wa mali na cheo ni yeye, si Matthew, ndugu aliyekuwa ameshika nafasi hiyo, ambaye wakati huo yuko kwenye kiti cha magurudumu. Lord Grantham anamwita wakili, wakili anachunguza na kurudi na habari za huyo Peter Gordon, na mgeni anaondoka. Anaingia, anadai, anatiliwa shaka na kutoweka, yote ndani ya sehemu moja.

Malalamiko ya mashabiki yalipokelewa kana kwamba ni neno moja tu: haiaminiki. Kumbukumbu zilizopotea, uso uliofichika, mrithi anayefufuka kutoka baharini, yote yalionekana ni mambo ya tamthilia za bei rahisi. Waliolalamika wakaonekana watu wasiojua vita vile vilikuwaje, au wasiotaka kuburudika. Watetezi wa sehemu hiyo wakashika historia, na lazima nikiri kwamba historia wanayo.

Titanic iliua watu zaidi ya 1,500 na wengi wao miili yao haikupatikana kamwe, kwa hiyo familia nyingi zilizika jina tu. Ofisa Harold Lowe alirudi na mashua namba 14 kutafuta waliokuwa bado hai majini, na aliwatoa wachache, hivyo mtu kuopolewa usiku ule si ndoto. Nyuso zilizoharibiwa na vita ndizo zilizomfanya daktari Harold Gillies ajikite katika upasuaji wa nyuso, kazi aliyoiendesha katika hospitali ya Sidcup, Uingereza, iliyofunguliwa mwaka 1917 na kuwahudumia majeruhi zaidi ya 5,000. Mrithi aliyerudi kutoka baharini naye yupo kwenye kumbukumbu za mahakama: Roger Tichborne, mrithi wa familia tajiri ya Kiingereza, alipotea na meli mwaka 1854, na mwaka 1866 akajitokeza mtu Australia akisema ndiye. Askari aliyejisahau yupo pia. Februari 1918, katika kituo cha treni mjini Lyon, Ufaransa, alionekana mwanajeshi aliyerudishwa kutoka kifungo cha Wajerumani ambaye hakujua yeye ni nani. Alinong'ona kitu kilichosikika kama Anthelme Mangin, na jina hilo likamganda.

Kwa hiyo anayesema kisa hiki hakiwezekani amekosea, na wapo mashabiki waliokosea hivyo. Lakini hebu tuitazame tena mifano hiyohiyo, kwa sababu ndani yake ndimo yalimo malalamiko ya wale waliotazama kwa makini.

Mdai wa Tichborne alikutana na mama wa marehemu mjini Paris mwaka 1867, na mama akamkubali kuwa mwanawe, ingawa Roger alikulia Ufaransa na huyu hakujua Kifaransa. Mama akafa mwaka uliofuata akiwa bado anaamini. Familia iligawanyika. Kesi ya madai ilianza 1871 na kuendelea hadi 1872. Ikafuata ya jinai, ambayo peke yake ilikaa siku 188 mahakamani kabla ya mtu huyo kufungwa miaka 14. Siku mia moja themanini na nane, na bado maelfu ya Waingereza walitoka pale wakisema ameonewa. Mangin naye alipotangazwa magazetini, familia kwa makumi zilijitokeza, kila moja ikimtambua kuwa mwana, mume au kaka. Mahakama ilikuja kuipa haki familia ya Monjoin katika miaka ya 1930, na mwenyewe alifariki mwaka 1942 akiwa bado hospitalini. Tangu siku ile ya Lyon, hesabu ni miaka 24. Kwa miaka mingi kati ya hiyo kulikuwa na akina mama waliolala na kuamka wakiamini yule wa hospitalini ni wao.

Nimezikalia sana tarakimu hizo, kwa sababu ndizo zinazoonyesha pengo. Mtu wa namna hii hapiti nyumbani kwa watu kama upepo. Anagawanya meza ya chakula. Anamfanya mmoja asiongee na mwingine. Anayemwamini hawezi tena kuwatazama wasiomwamini kwa jicho la jana, hata akishaondoka. Pengine hasa akishaondoka. Downton ilikiweka kisa cha ukubwa huo mikononi mwa Edith kwa muda usiofika saa moja na nusu, na msimu uliobaki ukaendelea kana kwamba alikuwa mgonjwa mmoja tu kati ya wengi. Mashabiki walichokataa ni hicho. Mrithi kurudi waliweza kukimeza. Kurudi kwake kusiache alama hawakuweza.

Walikuwa na sababu ya kutarajia alama. Tamthilia ilianza na kifo cha Patrick mwaka 1912. Mary, dada mkubwa wa Edith aliyepangiwa kuolewa naye, alikuwa na wasiwasi wa kuvaa nguo nyeusi za msiba. Aliyemlilia ni Edith. Watazamaji waliliweka jambo hilo moyoni muda wote huo, kwa sababu lilikuwa ufunguo wa kumwelewa binti wa katikati asiyechaguliwa na mtu. Anapokaa kando ya yule mgonjwa na kusikia akitaja mambo ya utotoni, uso wake unafunguka pole pole. Laura Carmichael anaigiza onyesho hilo kwa utulivu mkubwa, anamtazama mtu asiye na sura na kumwona anayemjua. Kisha msimu wa tatu Sir Anthony Strallan anamwacha siku ya harusi mbele ya watu wote, na hata kwenye kilio hicho jina la Gordon halitajwi. Mwanamke aliyeachwa mara mbili na wanaume wa kuomba radhi, na mara ya kwanza imefutwa.

Watetezi wana hoja nyingine ambayo naiheshimu zaidi: mwandishi ni mmoja. Julian Fellowes aliandika karibu sehemu zote 52, na katika msimu wa pili alikuwa na vita kutoka 1916 hadi 1919 vya kuvuka katika sehemu nane. Lazima mahali fulani mkono uteleze. Sehemu hiihii ndiyo inayotuonyesha watu wa juu na watumishi wamesimama pamoja ukumbini saa ikigonga saa tano ya asubuhi, vita vinakwisha, hakuna anayejua aseme nini. Anayeiita sehemu yote takataka anaitupa pamoja na onyesho hilo, na si haki.

Ila huyohuyo Fellowes alikuja kuthibitisha kwamba mashabiki hawakudai lisilowezekana. Msimu wa nne Michael Gregson, mhariri aliye mpenzi wa Edith, anakwenda Munich na kunyamaza. Hakuna barua. Edith anauliza, anasubiri, anabeba mimba, anazaa kwa siri, anamtoa mtoto na kumrudia. Ni msimu wa tano ndipo tunajua Gregson aliuawa na wahuni wa Hitler katika vurugu za Munich za mwaka 1923. Mwanamke yuleyule, pigo la aina ileile, mwanamume aliyetoweka bila jibu. Safari hii mwandishi alituacha tusubiri naye, na hakuna aliyelalamika kwamba haiaminiki, ingawa mhariri wa London kufia kwenye ghasia za Ujerumani si jambo la kila siku.

Siungani na mashabiki wanaotaka Fellowes atamke hatimaye kama mgeni alikuwa Patrick au Peter. Jibu hilo lingeua kile kidogo kilichopatikana. Walichonyimwa ni kumwona Edith akiishi bila jibu. Ingetosha mara moja tu, misimu miwili baadaye, afungue droo akitafuta kitu kingine, akutane na ile karatasi, aitazame herufi P, kisha aifunge droo bila kusema neno.