Ujenzi wa kijani hufia kwenye mkataba

Wanaotetea ujenzi wa kijani, yaani wa majengo yanayobana nishati na maji na kupunguza uchafuzi, na wanaoupinga wamezoea kubishana juu ya jambo moja: bei ya jengo itapanda kwa kiasi gani. Mtetezi huja na ripoti, mwenye mradi huja na makadirio ya mkadiriaji majenzi, na kila mmoja ana hoja. Ripoti moja inayotajwa sana, iliyoandaliwa mwaka 2003 kwa ajili ya serikali ya jimbo la California, ilipitia majengo 33 yaliyofuata LEED, mfumo wa Kimarekani wa kutoa cheti kwa majengo ya kijani, na kukuta kuwa nyongeza ya wastani haifiki asilimia 2 ya gharama za ujenzi, huku faida ya miaka 20 ikiizidi nyongeza hiyo zaidi ya mara kumi. Ukiisoma kwa ndani, sehemu kubwa ya faida hiyo imehesabiwa kutokana na afya na tija ya wafanyakazi, vitu ambavyo ni vigumu kuvipima na haviandikwi kwenye ankara yoyote. Mwekezaji anayekataa kukopa benki kwa kutegemea faida ya aina hiyo hana kosa.

Ushahidi mwingine unawagusa watetezi zaidi. Mwaka 2009 watafiti wa Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada walichambua matumizi halisi ya nishati ya majengo 100 ya biashara na taasisi yenye cheti cha LEED. Kwa wastani yalitumia nishati pungufu kwa asilimia 18 hadi 39 kwa kila mita ya mraba yakilinganishwa na majengo ya kawaida. Lakini kati ya asilimia 28 na 35 ya majengo hayo yalitumia nishati nyingi kuliko wenzao wasio na cheti, na daraja la cheti halikuonyesha uhusiano wa maana na matumizi yaliyopimwa.

Matokeo hayo yanatosha kuonyesha kwamba teknolojia inafanya kazi na pia kwamba cheti peke yake hakihakikishi chochote. Alama nyingi za kupata cheti hutolewa kwa hesabu za kwenye michoro. Kati ya mchoro na ankara ya umeme kuna zabuni, kuna vifaa kubadilishwa, kuna makabidhiano, na kuna miaka ya uendeshaji. Huko ndiko miradi mingi inakoharibikia, na wala si kwenye usanifu.

Tuanze na kioo, maana ndicho kinachoponza majengo mengi ya ofisi. Kila kioo kina kipimo cha joto la jua linalopenya, kuanzia 0 hadi 1. Chukua ukuta wa magharibi wenye mita za mraba 100 za kioo. Jua la alasiri likiupiga kwa wati 600 kwa kila mita ya mraba, kioo chenye kipimo cha 0.25 huingiza kilowati 15 za joto. Kioo cha rangi cha kawaida chenye kipimo cha 0.55 huingiza kilowati 33. Tofauti ni kilowati 18, karibu sawa na uwezo wa viyoyozi vitano vya Btu 12,000, kwa ukuta mmoja tu.

Sasa tazama inavyotokea. Nyaraka za zabuni zinataja kioo cha 0.25 na kuongeza maneno "au kinacholingana nacho". Mkandarasi akiwa nyuma ya ratiba analeta sampuli yenye rangi ileile na unene uleule. Kwa macho hakuna tofauti, kwa sababu kinachokata joto ni utando mwembamba sana wa madini uliopakwa juu ya kioo. Mshauri anaidhinisha rangi. Mitambo ya kupoozea ilishapigiwa hesabu ya kioo cha kwanza, kwa hiyo jengo likifunguliwa ofisi za magharibi zinachemka kila alasiri, watu wanaongeza viyoyozi vya ukutani, na lawama zote zinabebeshwa ujenzi wa kijani.

Kulizuia hili hakuhitaji gharama. Idhini ya kioo itolewe kwa karatasi ya vipimo ya kiwanda na si kwa sampuli pekee. Kioo kikifika eneo la kazi, washa kiberiti karibu na kioo cha tabaka mbili: utaona miale minne ya moto ikiakisiwa kwenye kioo, mmoja kwa kila uso. Mwale wenye rangi tofauti ndio uso wenye utando. Kwa kioo cha kukinga jua, utando huo kwa kawaida hukaa kwenye uso wa pili ukihesabu kutoka nje. Kikifungwa kinyumenyume, sehemu ya kinga hupotea hata kama kioo chenyewe ni halali. Kama miale yote minne ina rangi moja, usikipokee kabla mwuzaji hajaleta maelezo.

Wapinzani husema kuwa kioo bora ni ghali, na ni kweli. Jibu la kweli ni kupunguza kioo chenyewe. Karibu na ikweta, jengo lenye pande ndefu kaskazini na kusini na madirisha machache mashariki na magharibi hupunguza joto linaloingia kabla hakijanunuliwa kifaa chochote. Kivuli cha mlalo juu ya dirisha hufaa kwa jua lililo juu. Kwa jua la magharibi linaloingia chini chini hakisaidii sana, panatakiwa mabapa ya wima. Hapa lakini mwenye jengo la biashara ana utetezi: kiwanja cha mjini hakigeuzwi, na mpangaji hulipia mandhari. Serikali inayojenga kwenye eneo lake pana haina utetezi huo.

Upande wa saruji mvutano ni wa muda zaidi kuliko fedha. Kwa wastani takriban asilimia 60 ya hewa ukaa ya kutengeneza klinka, yaani vipande vinavyotoka tanuruni na kusagwa kuwa saruji, hutoka kwenye mawe ya chokaa yenyewe yanapochomwa, si kwenye kuni au makaa ya tanuru, kwa hiyo kubadili nishati ya kiwanda hakutoshi. Njia iliyo wazi ni kupunguza klinka kwa kuchanganya slagi (masalia) ya tanuru la chuma, majivu ya makaa ya mawe au udongo wa mfinyanzi uliochomwa. Mchanganyiko wa klinka nusu, udongo huo asilimia 30, mawe ya chokaa asilimia 15 na jasi asilimia 5 unaweza kukata hewa ukaa kwa hadi asilimia 40.

Tatizo ni kwamba zege lenye slagi nyingi, tuseme nusu, hukomaa taratibu. Mkandarasi aliyezoea kufungua fomu (mbao za kushikilia zege) za slabu kwa ratiba ya zege la kawaida atakuta slabu haijabeba, au atafungua hivyo hivyo na kupata nyufa. Lisipomwagiliwa vya kutosha, uso wake hubaki laini na kutoa vumbi. Anayesema zege hili linachelewesha kazi hajakosea. Anachokosea ni kulikataa kwa jengo zima. Msingi na kuta za chini ya ardhi havina haraka ya siku saba; hapo weka slagi nyingi na upime nguvu siku ya 56 badala ya 28. Slabu za juu, zinazoamua mwendo wa kazi, ziwekewe kiasi kidogo. Haya yaandikwe kwenye mkataba kabla ya zabuni ili mzabuni apange ratiba yake sawasawa. Yakiletwa katikati ya kazi yanageuka madai ya fidia.

Kuhusu maji, kosa la kawaida ni kuanza na tangi. Paa la mita za mraba 2,000 likipata mvua ya milimita 10 hutoa takriban lita 17,000 baada ya kutoa upotevu. Ofisi ya watu 300, kila mmoja akienda chooni mara tatu kwa choo cha lita 6, humaliza lita 5,400 kwa siku; maji hayo hayafiki siku nne. Vyoo vya vitufe viwili vyenye wastani wa lita 4 huyafikisha karibu siku tano bila kuongeza tangi. Vifaa kwanza, hifadhi baadaye.

Hoja nzito kuliko zote za wapinzani ni ya matengenezo. Pampu ya maji baridi ya kupoozea jengo yenye kidhibiti cha mwendo, ikizungushwa kwa asilimia 80 ya kasi, hutumia takriban nusu tu ya umeme, kwa sababu nguvu hufuata kipeo cha tatu cha kasi (0.8 × 0.8 × 0.8 ni karibu 0.5). Lakini kihisi cha shinikizo kikiharibika, fundi asiye na mafunzo wala kipuri hugeuza swichi kwenda kwenye uendeshaji wa mkono, na pampu inakimbia kwa kasi kamili miaka yote. Kwenye karatasi jengo bado ni la kijani. Ndiyo maana kwa taasisi isiyo na bajeti ya uhakika ya matengenezo, kivuli, rangi nyeupe ya paa na madirisha yanayofunguka vina thamani kuliko mfumo wa kompyuta wa kuendesha jengo.

Mgawanyo wa anayelipa nao hauepukiki. Mjenzi wa jengo la kupangisha hulipia kioo, mpangaji hulipia umeme. Mjenzi hana msukumo mpaka mkataba wa pango useme nani anapata akiba. Serikali hujenga na kulipa umeme wa jengo hilohilo kwa miaka 50, ingefaa iwe mteja bora kuliko wote. Inazuiliwa na mambo mawili: fedha za ujenzi na za uendeshaji kukaa mafungu tofauti, na zabuni kushinda kwa bei ya chini ya siku ile. Kumpa ushindi mzabuni kwa gharama ya ujenzi pamoja na ya uendeshaji wa miaka 20 kunawezekana, mradi nyaraka ziseme mapema bei ya umeme na saa za matumizi zitakazotumika kwenye hesabu, la sivyo kila mzabuni atachagua zinazompendelea.

Kifungu chenye nguvu kuliko cheti ni cha kuzuia sehemu ya malipo mpaka jengo lipimwe kwa miezi 12 likiwa na watu. Wakandarasi hukipinga wakisema hawawezi kubeba tabia za watumiaji, na wana haki. Ili kifungu kisimame, mita ndogo ziwekwe tangu mwanzo kutenganisha upoozaji, taa, lifti na soketi za ofisi. Lengo la mkandarasi liwe kwenye upoozaji na taa, lirekebishwe kwa idadi ya watu na hali ya hewa ya mwaka huo. Soketi na vyumba vya seva zibaki za mwenye jengo. Na mkataba umtaje kwa cheo mtu wa kusoma mita hizo kila mwezi, kwa sababu mita isiyosomwa hadi mwezi wa kumi na mbili haimpi yeyote nafasi ya kurekebisha kitu.