Kifaa cha nukta nundu kisichojua Kiswahili

Kwa miaka 11 sasa ninaishi Birmingham, Uingereza, na kazi yangu ya ukalimani huifanya kwa simu, vidole vikiwa juu ya kifaa cha nukta nundu, maandishi ya wasioona, chenye seli 32, yaani nafasi 32 za herufi ambazo nukta zake huinuka na kushuka. Sioni tangu utotoni. Nilizaliwa mtaa wa Langoni, Amu (Lamu), Kenya, ambako nilijifunza njia za mtaa kwa kugusa kuta za mawe na kusikiliza kwato za punda kabla hawajanifikia. Kwa kuwa nimesoma kwa vidole huku na kule, nathubutu kusema kwamba kasoro za vifaa hivi, ambazo Ulaya ni kero, kwetu humfanya mtu asisome kabisa.

Huku nalalamika kila wiki. Kifaa changu kinatumia toleo la zamani la Android ambalo mtengenezaji ameacha kulisasisha, kwa hiyo programu ya benki haikubali kuingia, na siku njia ya kuthibitisha mtumiaji wa baruapepe ilipobadilishwa, sehemu ya barua iliyojengwa ndani ya kifaa ilikufa papo hapo. Kisha mstari ni mmoja tu. Ukurasa wa mashine ya Perkins, ile ya kupigia nukta nundu kwenye karatasi, hubeba mistari 25 yenye hadi seli 42 kila mmoja, na mkono wa kushoto hutangulia kutafuta mwanzo wa mstari wa chini huku wa kulia ukimalizia ule wa juu. Ubeti wa utenzi ukiwa kwenye karatasi, mtu huigusa mishororo yote minne kwa pamoja na kuhisi vina vilivyokaa mwishoni mwa kila mmoja. Kwenye kifaa husoma mshororo, akabonyeza, akasoma mwingine, na ule wa kwanza umeshatoweka chini ya vidole. Kwa mtu aliyelelewa Amu, hilo si jambo dogo.

Hata hivyo, kero zangu zina pa kuegemea. Mpango wa serikali uitwao Access to Work husaidia kulipia vifaa vya mfanyakazi mwenye ulemavu, maktaba ya RNIB, shirika la wasioona la Uingereza, hutoa vitabu vya nukta nundu bila malipo, na kifaa kikiharibika kuna fundi ninayeweza kumpelekea kwa posta.

Mwaka juzi nilikwenda nyumbani kwa Idd nikampa mtoto wa kaka yangu kifaa changu cha awali, chenye seli 20. Hadi siku hiyo alikuwa akiandika kwa kibao na kalamu ya kutobolea, akianzia kulia kwenda kushoto ili karatasi ikigeuzwa isomeke ipasavyo. Tulimfungulia insha ya Kiswahili aliyochapiwa na dada yake, akaanza kusoma kwa sauti, mara akanyamaza, kidole kikirudi pale pale.

“Ami, hapa pameandikwa nini?”

Neno lilikuwa “forodha”. Kiswahili hakimo katika lugha za kifaa kile, kwa hiyo maandishi yetu hugeuzwa kwa kanuni za ufupisho wa Kiingereza: herufi tatu za mwanzo zilikuwa zimemezwa na seli moja yenye nukta zote sita, ambayo kwa Mwingereza ni neno “for”. “Bandari” nayo ilikuwa imebaki seli nne. Tuliuzima ufupisho, lakini kila anapotoka somo la Kiswahili kwenda la Kiingereza hulazimika kuingia kwenye menyu na kubadilisha, na aya ya Kurani iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu katikati ya barua ya bibi yake hutoka kama rundo la nukta zisizo na maana, ingawa nukta nundu za Kiarabu zipo na husomwa kutoka kushoto kama zetu.

Baada ya miezi michache ya joto na hewa ya chumvi, nukta ya tano kwenye seli ya saba ikagoma kuinuka. Asiyesoma nukta nundu huenda akadhani nukta moja si kitu. Herufi r ikiikosa nukta ya tano huwa l, n huwa m, e huwa a. “Kura” ikiangukia hapo husomeka “kula”, na “hana” husomeka “hama”. Amu hakuna anayeifungua seli hizo. Kifaa kingepaswa kuvuka kwa boti hadi Mokowe, bara, kipande basi hadi Mombasa, kisha kisafirishwe ng’ambo kwa gharama inayozidi ada ya shule ya muhula.

Niliwaandikia watengenezaji kuhusu lugha. Walinijibu kwa adabu kwamba wateja wa Kiswahili ni wachache. Jibu hilo silikubali hata kidogo, kwani mtu hawezi kununua kwa bei ile kitu kisichosoma lugha yake, na tena kazi yenyewe haianzi kwenye sifuri: Liblouis, programu huria ya kugeuza maandishi kuwa nukta nundu, humruhusu yeyote kuongeza jedwali la lugha yake. Kinachokosekana ni kifaa kuacha mlango wazi ili mwenyewe apakie jedwali hilo, na seli ziwe za kuchomoa na kusafisha. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh mwaka 2017, ambao unaruhusu vitabu vya wasioona kuvuka mipaka kihalali, lakini kitabu kikishafika kwa kijana wetu husomwa na kifaa kile kile.

Sasa amerudia kibao chake. Nikienda tena, panapo majaliwa, nitambebea mashine ya Perkins, karibu kilo 5, kutoka uwanja wa ndege wa Manda hadi nyumbani Langoni. Ameniomba pia karatasi nzito, kwa sababu karatasi za huko, asema, nukta zake hulala upesi.