Hawala ya Paris

Ukikata tiketi ya sinema Ufaransa, hata kama unakwenda kutazama filamu kubwa za Hollywood, asilimia 10.72 ya ulicholipa inakwenda kwenye mfuko wa CNC, taasisi ya filamu iliyoundwa mwaka 1946. Mmarekani akijaza ukumbi, Mfaransa anapata pa kuanzia filamu yake. Hoja iliyo nyuma ya makato hayo ni kwamba filamu si sabuni. Wafaransa waliing'ang'ania kwenye mazungumzo ya biashara ya GATT mwaka 1993, na mwaka 2005 UNESCO ikapitisha mkataba wa kulinda tamaduni mbalimbali. Waliopiga kura ya hapana walikuwa wawili tu: Marekani na Israeli.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza, kwa filamu za Kihindi na za ngumi, tuna sababu ya kuwaonea wivu.

Lakini serikali ya nchi hiyohiyo, kwa amri ya mwaka 1934, ilizuia mtu kupiga filamu kwenye makoloni yake ya Afrika bila kibali. Mwaka 1955 Paulin Vieyra, mtengeneza filamu Mwafrika, na wenzake walinyimwa ruhusa ya kupiga filamu nyumbani Afrika, wakaishia kuwapiga filamu Waafrika wa Paris. Na baada ya uhuru, pesa ilipoanza kutoka, ilikuja na masharti. Ousmane Sembène wa Senegal alipata fedha za CNC kwa ajili ya filamu yake Mandabi, ya mwaka 1968. Aliitaka kwa Kiwolofu. Ikabidi atengeneze na toleo la Kifaransa. Kichekesho ni kwamba filamu yenyewe inamhusu mzee wa Dakar anayehangaika kutoa hela aliyotumiwa kutoka Paris, na hawezi kwa kuwa hana kitambulisho.

Mtetezi wa Ufaransa atasema: bila fedha hizo, Mandabi ingebaki kwenye makaratasi. Ni kweli, tena Kiwolofu kilisikika kwenye skrini kwa hela ya Mfaransa. Mkono mtupu haulambwi. Ila msaada una mwenyewe, na mwenyewe akibadili mawazo huna pa kumshtakia. Mimi ningewaachia ruzuku yao nikaiba yale makato ya tiketi, yakatwe Dar es Salaam na Nairobi, kwenye hizohizo filamu za Hollywood.