Staringi Kalima Viazi

Mimi na sinema za angani hatuna ugomvi. Chombo kikipasuka huko juu na kulia "puuu", mpwa wangu anayesoma chuo hunong'ona kwamba kule hakuna hewa, kwa hiyo sauti haisafiri. Namwambia nyamaza, tumelipia kelele. Mtu akikimbia kuliko mwanga nakubali, madereva wa Tunduma nimewapanda. Na vitu vya kutoka juu havinishangazi, maana pale Ndolezi, Mbozi, kimelala kimondo cha chuma kinachokadiriwa kufika tani 16, na watoto wanakipanda kupiga picha.

Ila viazi. Viazi usiniguse.

Ilikuwa Julai, ile Julai ya Uyole ambayo unavaa masweta mawili na bado unaota moto kwa macho. Kibanda umiza kilijaa, nusu ya watu wamefuata sinema, nusu wamefuata joto la wenzao. Ikawekwa The Martian, ya mwaka 2015, staringi Matt Damon, na juu yake sauti ya DJ wetu wa kutafsiri. Staringi kapigwa na kimbunga kule Mars, wenzake wakadhani amekufa, wakapanda roketi wakaondoka. Mpwa akaanza: "Mjomba, hewa ya Mars ni nyepesi mno, mgandamizo wake haufiki hata asilimia moja ya wa huku. Upepo wake hauwezi kuangusha roketi." Nikamwambia bila kimbunga sinema inaisha hapa hapa, na hela hairudishwi.

Basi yule bwana kabaki peke yake, chakula hakitoshi. Akapekua maboksi, akatoa viazi mviringo vilivyobebwa kwa ajili ya sikukuu. Nikakaa vizuri. DJ akatangaza kwa mbwembwe: "Sasa staringi anapanda mihogo!"

Kibanda kikalipuka. Mihogo, Uyole! Hapa hata mtoto wa chekechea anakitambua kiazi kwa kukikanyaga gizani. Mzee mmoja alisimama kudai hela yake.

Nikaendelea kutazama kama mkaguzi. Kavikata vipande. Sawa, mbegu ikiwa haba hata sisi tunakata. Lakini kavichipusha lini? Mbegu inalazwa kwanza, inatoa macho, ndipo inaingia ardhini. Huyu katoa kwenye pakiti, kafukia! Mbolea yake sasa: kinyesi chake na cha wenzake walioondoka, kimefungwa vizuri na majina juu. Kina mama wa benchi la nyuma wakaziba pua, vijana wakacheka hadi kulia. Mimi sikucheka. Aliyenunua mbolea msimu huu hana cha kucheka pale.

"Na dawa ya ukungu kapulizia lini?" nikauliza kwa sauti. Kule Isongole mvua ishike wiki nzima hujapulizia, utaacha shamba la kijani Jumatatu, Ijumaa unakuta kama limemwagiwa maji ya moto.

"Mjomba, Mars hakuna ukungu."

"Mnyauko?"

"Hakuna. Hakuna kitu hai kule, mpaka alipofika yeye."

"Hakuna dalali?"

"Hakuna."

"Na ushuru wa mazao?"

"Mjomba, tazama sinema."

Ningetazamaje tena? Nilishahama kwa mawazo. Mpwa, kwa kunituliza, ndiyo kwanza akanimaliza: uzito wa kitu kule ni kama asilimia 38 ya huku. Nikapiga hesabu kichwani. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100, lakini mnunuzi wa lumbesa akishashonea kile kilemba chake juu linafika 150. Lumbesa hiyo hiyo Mars unainyanyua kama kilo 57! Kisha nikakumbuka kwamba nafuu hiyo ni ya mpakiaji. Mimi nalipwa kwa gunia, kilemba kinaenda bure hata Mars.

Lakini mwaka wa kule una siku 687 za huku kwetu. Mkopo wa pembejeo unaolipwa mara moja kwa mwaka, ada ya watoto mara moja kwa mwaka! Ubaya ni kwamba siku nayo inazidi ya kwetu kwa dakika 39 hivi, na vibarua wangu ninavyowajua, hizo dakika wangezidai taslimu.

Kuna mahali ujumbe unatumwa duniani, na kadiri sayari zilivyo mbali unachukua dakika 3 hadi 22 kufika. Watu wakaguna kwa huruma. Mimi dalali wangu wa Dar akishapokea mzigo, neno "tuma hela" linamchukua wiki tatu.

Ndipo mlango wa banda lake ukafumuka. Hewa ikatoka, baridi ya Mars ikaingia, ile ya wastani wa nyuzi 60 chini ya sifuri, na shamba lote likaganda. Kibanda kikanyamaza. Wale wa Makete na Kitulo wanaijua sakitu: unalala una shamba, unaamka una majani meusi. Nikajikuta nimesimama, mkono kifuani, nasema, "Pole sana, ndugu yangu." Mpwa akavuta sweta langu. Hata ule ugomvi wa kuchipusha mbegu nilimsamehe.

Mwisho wakamfuata, watu wakapiga makofi. Roketi nzima imegeuza njia kwa mtu mmoja! Mwaka jana lori la viazi vyangu lilikwama siku nne Mlima Nyoka, aliyekuja ni muuza karanga tu.

Tukatoka na baridi yetu. Mpwa akauliza: "Mjomba, ungepelekwa wewe Mars, ungelima?"

"Gunia wananunua shilingi ngapi?"

Kesho yake nikampelekea DJ kiazi kimoja kikubwa, akishike, akifahamu, asirudie tena. Akakigeuzageuza, akashukuru kwa mikono miwili: "Ndaga fijo, mzee. Sasa muhogo huu ni wa kuchemsha au wa kukaanga?"